Mfereji wa Kufika Kiwikoni

Bibi yangu mzaa baba alirudi nyumbani kwetu, mtaa wa Barani, kutoka hospitalini Kilifi akiwa na nyonga iliyounganishwa baada ya kuanguka, na mkononi mkongojo wenye mpira chini. Alimshukuru Mungu kwa kila kitu, ila jambo moja lilimkaa rohoni: hakuweza tena kutawadha peke yake.

Nyumba tuliyopanga ilijengwa zamani kwa ajili ya Wazungu. Bafuni mlikuwa na sinki ya ukutani na hodhi refu la kuogea, lililozungushiwa kibaraza cha saruji. Sisi hatukuoga humo. Nani angejilaza ndani ya maji yake mwenyewe? Tulijimwagia kwa kata, na hodhi tukalijaza maji ya akiba, maana maji ya mji yalikuwa na tabia ya kupotea. Midomo ya mifereji yote miwili ilikuwa mifupi, imeliwa na chumvi. Wa sinki ulimwaga maji karibu kabisa na ukuta, palipopita ncha za vidole tu. Wa hodhi ulitiririka ubavuni kama mtoto anayetokwa na udenda.

Bibi hakuweza kuinama. Basi kila ilipoadhiniwa, mimi, niliyekuwa bado msichana wa shule, nilisimama kando yake na kopo. Nilimmiminia mikono, uso, viwiko, kisha nikachuchumaa nikamwosha miguu. Alikuwa akitazama ukuta. Siku moja akasema, bila kunigeukia:

"Anayeoshwa na mwenziwe ni maiti. Mimi bado nala wali."

Mama alikuwa mlangoni na alisikia. Alirudi kwenye cherehani yake akakaa bila kushona.

Mafundi wa mifereji siku zile walimezwa wote na hoteli zilizokuwa zikiota ufukweni. Aliyekubali kuja alisema kesho, na kesho yake ikawa na kesho nyingine. Baba, aliyefanya kazi Kilifi na kulala kwetu mwisho wa juma tu, alituambia tungoje. Mama akasema amekwisha kungoja. Cherehani yake aliifungua na kuifunga mwenyewe, kwa nini mfereji umshinde?

Akapima kimo cha sinki kwa futi yake ya kushonea, kisha akamwambia Bibi: "Mama, vaa buibui twende dukani. Nguo hupimwa mwilini. Na mfereji pia tutaupima mwilini."

Duka lilikuwa mjini, limejaa mabomba, misumari na harufu ya rangi. Mwenye duka alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya vito iliyodariziwa. Alimwamkia Bibi shikamoo, akasikiliza maneno ya Mama, akacheka mpaka tumbo likatikisika. Lakini alitoa sinki ya maonyesho, akaipandisha juu ya makasha mpaka ikalingana na futi ya Mama, akashika mdomo wa kwanza wa mfereji juu yake.

"Haya, Bibi. Tawadha."

Na Bibi akatawadha. Bila tone la maji, mbele ya wateja wote, akanawa viganja, akanawa uso, akapitisha mkono chini ya ule mdomo mpaka kiwikoni. Mkono ukagonga sinki.

"Huu mfupi. Lete mwingine, mwanangu."

Ukaja mwingine, ukaja mwingine. Kwa ajili ya hodhi alikalia mkebe wa rangi mahali pa kibaraza, akavua kiatu na kunyoosha mguu hewani, mwenye duka amechuchumaa akimshikia mdomo wa shaba juu ya kisigino. Mtu mmoja wa Kakuyuni aliyesimama na pakiti ya misumari akasema, "Mie nimekuja kununua misumari, kumbe nimeingia msikitini!"

"Na wewe tawadha basi," Bibi akamjibu. "Miguu hiyo yataka maji kuliko yangu."

Duka zima likacheka. Mimi nilijificha nyuma ya mabomba kwa haya. Leo, nikikumbuka mkono ule mwembamba ukijinawia hewa tupu bila kumwonea mtu soni, najiona mtoto wa ukoo wa wafalme.

Tulirudi na midomo miwili. Mama akahamishia maji ya akiba kwenye pipa, akafunga maji ya nje, akapiga magoti kando ya hodhi na spana ya kuazima. Alizungusha nyuzi za katani kwenye meno ya bomba, akakaza. Mdomo ukakazika ukitazama dari. Akaurudisha nyuma kidogo utazame chini, lakini alipofungulia maji yakavuja shingoni. Akafunga maji tena, akaufungua wote, akaongeza katani, akakaza tena polepole, jasho likimdondoka puani, mpaka ukakazika barabara ukiwa umetazama chini. Kisha akafunga wa sinki.

"Mama, tayari," akamwita Bibi.

Bibi akaja, ko, ko, ko, juu ya sakafu. Kwetu hakuna aingiaye bafuni bila mitawanda, vile viatu vya mti vyenye visigino virefu, na Bibi alivivaa tangu utoto wake kule visiwani. Akasimama mbele ya sinki, akanyoosha mkono. Kiwiko kikabaki juu ya mdomo wa mfereji. Ili kikae chini yake ilimlazimu ainame, na kuinama ndiko kulikomshinda.

Mama alitazama mkono, kisha akatazama miguu.

"Dukani nilikuwa mfupi," Bibi akasema. "Hapa nimerefuka."

"Vua mitawanda, mama."

"Niteleze nivunje nyonga ya pili?"

Mama akaketi kwenye kibaraza cha hodhi akafunika uso kwa mikono. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. "Mshonaji mimi, nimempima bibi harusi bila viatu vyake virefu!"

Asubuhi tulirudi dukani, mitawanda na ule mdomo wa sinki ndani ya kikapu. Mwenye duka alipoiona alishika kichwa. "Jana mkono, leo kiatu! Na huu mmekwisha kuufunga, una katani."

"Katani si damu, mwanangu. Hufutika."

Akaweka sinki juu ya makasha yake tena. Bibi akapanda mitawanda, akaanza kunawa hewa. Hakuna mdomo uliotosha, mpaka mwenye duka akateremsha mmoja kutoka rafu ya juu, shingo yake ndefu imepindwa kama ya bata. "Lakini huu ni wa jikoni, Bibi, walioagiza ni watu wa hoteli. Si wa bafuni."

"Maji yajua jikoni na bafuni?"

Mkono ukapita chini yake, kiwiko na vyote, mgongo ukiwa umenyooka.

Mama aliufunga kabla ya adhuhuri. Adhana ilipolia nilichukua kopo kwa mazoea, Bibi akanipita. Akaingia bafuni na kukomea mlango kwa ndani. Mama na mimi tulisimama nje, yeye ameweka kiganja juu ya mbao, tayari kuusukuma. Tulisikia mfereji wa sinki ukifunguliwa na kufungwa. Kimya. Kisha mfereji wa hodhi ukamwaga maji kwa nguvu, na ndani ya sauti ile Bibi alikuwa akiimba kwa sauti ya chini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aanguke.

Alipotoka, maji yalimdondoka kidevuni. Hakutushukuru, alikuwa na sala ya kuwahi.

Lakini toka siku ile, wanawake waliokuja kumjulia hali hawakufika ukumbini kwanza. Aliwapitisha bafuni, mmoja mmoja, akawasimamisha mbele ya ile shingo ndefu ya jikoni.

"Kaufunga mkaza mwanangu," aliwaambia, "kwa mkono wake. Fungua, shoga. Fungua uone."