Wimbo Aliouua Raili Kivekäs

Siku gazeti lilipomsifu, shemeji yangu Raili Kivekäs alilibamiza ukutani, na kikombe kikafuata. Nilikuwa jikoni kwake Hervanta, ghorofa ya tatu, nimeleta mkate mweusi na jibini ili kumpongeza.

"Soma hapo," akaniambia. "Soma kwa sauti, Osmo, labda mimi macho yamezeeka."

Nikaliokota, nikasoma. Mhakiki mmoja wa Helsinki, Kasperi Lindroos, alikuwa ameipa albamu yetu mpya nyota tano. Baada ya miaka ishirini ya kupotea, aliandika, Raili amerudi kwenye ubora wake.

"Kupotea!" Raili akasema. "Nilipotelea wapi? Nilikuwa hapa hapa nafua shuka za kaka yako! Angekuja kubisha hodi angenikuta na ndoo mkononi. Ubora wangu, anasema. Mume wangu amekufa sakafuni kama kitambaa kilichoanguka, yeye anaona ubora!"

Nimempigia Raili dramu tangu mwaka sabini na tisa, na najua akifika hapo hajibiwi.

Niseme habari zake tangu mwanzo. Alizaliwa hapa Tampere, mtoto wa mama aliyeshona soli kwenye kiwanda cha viatu. Kiwanda kilipofungwa, Raili alikuwa na miaka ishirini na nne na gitaa la kuazima. Akaandika nyimbo tisa kwa wiki mbili, zote za ugomvi, tukazirekodi tukiwa watu wanne, tukajiita Nokikana, jina la yule ndege mweusi wa ziwani anayepigana hata na bata maji wakubwa. Kaka yangu Tauno ndiye aliyekuwa akipiga besi. Alimuoa Raili mwaka uliofuata. Kwa miaka kumi hivi, hakuna kijana wa mji huu aliyekuwa hazijui nyimbo zetu.

Baadaye watu wa kampuni ya kurekodi wakaona Raili ameshakuwa mama mtu mzima, wakamvalisha gauni refu na kumzungusha makanisani kila Desemba, akiimba za Krismasi kati ya mishumaa. Alizichukia. Aliziimba vizuri, na alizichukia. Kisha Tauno akaanza kusahau. Kwanza funguo, halafu njia ya kwenda sokoni, mwisho akamsahau mkewe. Raili aliacha kila kitu akamuuguza nyumbani miaka saba. Mgongo wake ulipokataa kumwinua, tukampeleka kwenye kituo cha wazee kando ya ziwa. Jina la kituo silitaji, wanasheria wao wana masikio marefu.

Tauno alikufa asubuhi ya Juhannus, ile sikukuu ya katikati ya kiangazi ambayo nchi nzima huhamia kwenye vibanda vya mashambani kukoka moto na kuota mvuke wa sauna. Raili hakuhama. Alifika kituoni saa tatu asubuhi na stroberi (yale matunda mekundu ya kiangazi aliyoyapenda mumewe) akaona taa ya wito, ile anayoiwasha mgonjwa akimhitaji nesi, inawaka juu ya mlango wa Tauno. Ndani, Tauno alikuwa chini kati ya kitanda na ukuta, ameshakuwa wa baridi. Raili alipotoka kupiga kelele, akamwona nesi mmoja tu kwenye korido ndefu, msichana mwenye nywele fupi, anatembea na kikombe mkononi.

Kile kikombe hakikumtoka tena kichwani.

Aliandika barua za malalamiko mwaka mzima. Kila mara alijibiwa kwamba wanasikitika kuwa amejisikia hivyo. "Nimejisikia!" alikuwa akinipigia simu. "Maiti niliyoikuta, shemeji, hiyo nayo ni hisia yangu?" Siku moja akaja karakana yangu, nilikotunza dramu chini ya turubai, akaniambia niitoe. Nyuzi za gitaa lake zilikuwa zimeshika kutu. Tukarekodi nyimbo kumi na moja pale pale, na sauti yake, ambayo makanisani ilikuwa imesuguliwa mpaka ikateleza, ikarudi na miiba yote.

Wimbo uliovuma kuliko yote ulikuwa wa yule nesi. Kiitikio chake kilikuwa rahisi, hata mlevi angekikamata: *Kahawa imepoa, nesi? Ukipita, mwangalie.* Redio ziliupiga. Kasperi Lindroos aliutaja kuwa wimbo wenye hasira safi kabisa. Watu mitaani walikuwa wakimwona Raili wanapaza sauti, "Kahawa imepoa, nesi?" naye anawapungia mkono. Na mimi, nisijifiche, nilikuwa naupiga kwa nguvu zangu zote. Kwa miezi miwili kabla ya kaka yangu kufa sikuwa nimekwenda kumwona hata mara moja. Ilinifaa sana kuwa na mtu mwingine wa kumpiga.

Yule nesi, jina lake Jonna, alitukuta soko la Tammela, Jumamosi moja mwezi wa sita, mchana kweupe. Tulikuwa tumekaa na Raili kwenye benchi tunakula soseji nyeusi ya damu na jamu. Msichana wa nywele fupi akasimama mbele yetu, hajatoa hata salamu.

"Mama, unanifahamu?" akauliza.

Raili akamtazama, akaweka sahani chini taratibu. "Nakufahamu. Umekuja kuniomba msamaha au umekuja nikuonee huruma?"

"Hata kimoja. Nimekuja kukuambia umeimba uongo."

Watu wa benchi la pili wakageuka. Raili akainuka. Ni mfupi, lakini akikasirika huwezi kuliona hilo.

"Uongo? Taa ilikuwa inawaka! Niliiona kwa macho yangu!"

"Ilikuwa inawaka. Zilikuwa zinawaka taa tano. Kulikuwa na wazee ishirini na sita na mimi peke yangu. Tulipangwa watatu. Mmoja aliumwa, mmoja hakuletwa kabisa, kwa sababu sikukuu mishahara inapanda. Nilimpigia mkuu wa kanda wa kampuni yetu mara tatu tangu alfajiri. Unajua aliniambiaje? 'Vumilia, Jonna, ni Juhannus.' Nyuma yake nasikia watu wanacheka, mtu anapasua kuni za sauna."

"Na kikombe?" Raili akasema. "Kikombe cha kahawa ulichokuwa nacho?"

"Kahawa!" Jonna akacheka, kicheko kibaya. "Zilikuwa dawa za babu wa chumba cha saba, nimezisaga kwenye uji kwa sababu hawezi kumeza. Kahawa sikuinywa siku ile, mama. Wala maji. Sasa nikifika kazini naimbiwa. Nikienda dukani naimbiwa. Juzi nimekuta gari langu limemwagiwa kahawa kioo kizima, na mwanangu wa miaka sita ndiye aliyeniuliza, 'Mama, ulimuua nani?'"

"Wewe una hasira, unapanda nayo jukwaani, unapigiwa makofi," Jonna akaendelea. "Mimi yangu naivaa na sare ya kazi. Maana bado niko pale pale. Nikiondoka na mimi, nani atabaki?"

Kisha akaondoka kati ya meza za maua. Raili akabaki amesimama. Nilipomshika mkono aliuchomoa.

"Usiniguse," akasema. "Na usiniambie ni msichana mzuri. Sitaki awe mzuri."

Siku tatu hakupokea simu. Ya nne nilikwenda, nikamkuta mezani na barua zote za kituo zimetandazwa, mwaka mzima wa kusikitika.

"Hebu angalia sahihi," akaniambia. "Zote za mtu mmoja. Mkuu wa kanda. Nimekaa mwaka mzima nabishana naye kwa adabu, Mheshimiwa huyu, Mheshimiwa yule, halafu nikaenda kumtukana msichana kwa sababu yeye nilimwona na huyu sijapata kumwona. Mimi! Binti wa mshona soli!" Akaipiga meza kofi. "Mama yangu angenipiga na kiatu, Osmo. Na angechagua chenye kisigino."

"Utafanyaje?"

"Nautoa."

"Ndio wimbo uliotuinua, shemeji."

"Basi tushuke."

Kampuni ya kurekodi ilimbembeleza. Wakasema wimbo ni sanaa, nesi hakutajwa jina. Raili akawajibu kwamba kwenye korido ile nesi alikuwa mmoja, jina la nini tena? Wakamwomba angoje angalau tamasha la kiangazi lipite. Akakata simu.

Tamasha lilikuwa Jumamosi ya pili ya Julai, alasiri, jukwaa la kando ya maporomoko ya maji katikati ya mji. Watu kama elfu nne, jua linachoma. Tulipiga nyimbo sita na uwanja ulikuwa wetu. Halafu wakaanza wenyewe, bila sisi, kutoka nyuma kuja mbele: "Kahawa imepoa, nesi? Kahawa imepoa, nesi?"

Raili akainua mkono. Walidhani anawaongoza, wakazidisha. Alingoja mpaka wakachoka.

"Wimbo huo umekufa," akasema kwenye kipaza sauti. "Nimeuua mwenyewe. Niliimba uongo na ninyi mkaniamini, na hilo kosa ni langu. Lakini wewe uliyemwagia gari la mtu kahawa, hilo ni lako, na kama uko hapa natamani upate aibu mpaka kwenye soli za miguu."

Zikazuka kelele. Si za kushangilia.

"Imba bwana, bibi! Acha mahubiri!" jamaa mmoja wa mbele akapiga ukelele, kifua wazi, mwekundu kama kamba wa kuchemsha.

"Wewe ndugu yangu, vaa shati kwanza," Raili akamjibu. "Bibi yako anakuona kwenye televisheni."

Wengine wakacheka, wengine wakazomea. Glasi ya plastiki iliyojaa bia ikaruka ikagonga toazi langu la shaba, bia yote usoni kwangu. Nilimwangalia Raili. Hakuwa ananiangalia. Alianza kupiga gitaa peke yake, muziki ule ule, na maneno mapya:

*Vumilia, ni sikukuu, wakubwa wako saunani.*
*Taa tano ukutani, mikono miwili koridoni.*
*Nani alihesabu watu, akaona mmoja anatosha?*

Akakitaja cheo cha yule mkuu wa kanda, akaisoma sentensi ya kusikitika kama ilivyoandikwa baruani, neno kwa neno, mara nne, kila mara kwa sauti ya juu zaidi, mpaka ya nne ikawa ukelele mtupu uliompasua koo. Nikaingia na dramu. Nilipiga vibaya, bia inaniwasha macho, na nilikuwa nalia, sioni aibu kulisema. Karibu nusu ya watu waliondoka. Waliobaki hawakuitikia, maana hawakuyajua maneno. Walisimama tu wakasikiliza.

Kesho yake Kasperi Lindroos aliandika kwamba Raili amepoteza ukali wake, kwamba hasira imegeuka kuwa risala. Raili alimpigia simu gazetini.

"Kijana, hasira si kachumbari, kwamba inakupendeza ikiwa kali tu," nilimsikia akimwambia. "Inaulizwa imempata nani." Sijui alijibiwa nini, maana haikuchukua muda.

Wimbo wa kahawa ulitolewa kwenye albamu, mpya ukaingia mahali pake. Haukuvuma hata robo ya ule wa kwanza. Wanasheria wa kituo walileta barua. Raili akawarudishia nakala ya barua zote alizoandikiwa, na hawakuleta nyingine. Wakaguzi walifika kituoni vuli ile, na Jonna ndiye aliyewapa orodha za zamu, kila siku ya sikukuu kwa miaka mitatu. Kampuni inayokiendesha kituo ilipewa onyo. Mkuu wa kanda akahamishiwa kanda nyingine, na kituo kikabadilishiwa jina na rangi ya mlango. Basi, hayo ndiyo tuliyoyapata.

Raili na Jonna hawakuwa marafiki. Nilimuuliza shemeji kama amemsamehe.

"Nimsamehe nini? Hakunikosea," akasema kwa ukali. "Mimi ndiye niliyemkosea, nikamwomba radhi, akaniambia ameisikia. Hakusema ameipokea. Ana haki."

Sasa anaandika nyimbo nyingine. Jana mazoezini alinisimamisha katikati mara tatu, akaniambia napiga kama mtu anayefunga mlango asimwamshe mtoto. Nikaanza upya, kwa nguvu.