Nimerekodi muziki wa udi wa baba nyumbani Pemba, magunia ya karafuu ndiyo yaliyokuwa studio

Wakuu, assalaam aleikum.

Naandika kutoka Jadida, Wete. Haya yamenitokea mwenyewe, chumvi nimeiacha jikoni.

Mimi ni fundi friji, muziki ni hobby tu. Napiga udi. Nasema udi wa nyuzi, wa kwenye taarabu, msije mkadhani wa kufukiza.

Aliyenifundisha ni baba. Zamani alikuwa akipiga kwenye maharusi, na ana muziki mmoja aliotunga mwenyewe, hauna maneno, udi mtupu. Haukuwahi kurekodiwa. Kisha akapata kiharusi, mkono wa kushoto ukapooza.

Nikaona nisipourekodi mimi, basi ndio umekwenda.

Nikanunua mic na interface ya mtumba, kile kidude cha kuunganisha mic na kompyuta, software nikapata ya bure. Tatizo likawa chumba. Kuta za matofali, bati juu, hakuna dari, yaani mwangwi mtupu. Nikatundika mablanketi, nikasimamisha godoro. Wapi!

Kila nikimsikilizisha baba anasema neno moja: "Bado."

Iliniuma, maana sikujua kama ubaya ni wa chumba au wa mkono wangu.

Ukaja msimu wa karafuu. Wapemba wenzangu mnajua, karafuu kavu hazilali nje. Baba akaagiza magunia yote yaingizwe chumbani kwangu, ndiko kusikovuja.

"Baba, hii studio," nikalalamika.

"Karafuu hizo ndizo zilizokusomesha weye. Sogeza vyombo vyako."

Nikanuna. Magunia yakapangwa kuta zote, nikabaki na nafasi ya kiti.

Jioni nikakaa nipige kidogo hasira zishuke. Wakuu, mwangwi haupo! Magunia yameumeza wote. Udi unasikika mtamu, kila kidole unakisikia.

Hapo nikaingiwa na haraka, maana gari ya kupeleka karafuu kuuzwa ilikuwa inakuja wakati wowote. Nikazima feni, nikasubiri adhana iishe, mvua ipite juu ya bati, nikapiga mpaka nikaupata mzima. Pua inawasha kwa harufu, natabasamu peke yangu.

Asubuhi nikamvisha baba headphone. Akafumba macho. Vidole vya mkono wa kulia vikawa vinacheza kwenye goti.

Ulipokwisha akanitazama.

"Hino mlinirikodi lini?"

Mama ndiye aliyesema, "Si weye huyo, mwanao."

Baba akataka urudiwe tena.

Najisifu, ndiyo. Leo niacheni nijisifu.

Nililojifunza: usisubiri studio ya maana, anza hapo ulipo. Na kitu kinachokukera kijaribu kwanza kabla hujakitoa nje.

Sasa karafuu zimeuzwa, mwangwi umerudi. Wenye home studio, nyie mnauziba na nini? Leteni ujuzi.

Huku ndugu wanalalamika kuwa baba siku hizi hapokei simu. Ule muziki ndio ringtone yake, na hapokei mpaka amalize kuusikiliza.