Faith Ameandika Akiwa Mimi

Jamani, leo mtoto wa miaka kumi amenianika.

Mnajua nimefundisha insha hapa Litein miaka tisa. Sasa tumeletewa Madam Chepkoech, mwalimu wa mazoezi, bado yuko chuo. Akaniomba kipindi kimoja tu na Gredi ya Tano yangu.

Akawaambia, "Leo usiwe wewe. Chagua mtu unayemjua, uandike kama yeye ndiye anasimulia."

Wueh! Kiprono, ambaye kwangu huandika mistari mitatu na kusinzia, alijaza kurasa mbili akiwa nyanya yake anayechuma majani chai kwenye mvua. Alipoisoma, darasa likacheka, kisha likamwomba arudie.

Mimi nilikuwa nyuma, najifanya nasahihisha vitabu. Roho ilikuwa inaniuma, siwafichi.

Halafu Faith, yule mpole asiyeongea, akasimama kusoma yake.

"Mimi ni mwalimu. Nimeketi nyuma ya darasa langu. Wanafunzi wangu wanacheka na mwalimu mwingine. Nimeshika kalamu nyekundu lakini siandiki kitu. Naogopa watanisahau."

Darasa zima likageuka kuniangalia.

Chepkoech akasema polepole, "Pole, Madam."

"Pole ya nini?" nikamjibu. "Huyu mtoto ameandika vizuri."

Nikamwomba Faith daftari lake hapo hapo.

Nimempa Faith alama zote. Wakati wa chai nikamwambia Chepkoech arudi kesho, nami nitakaa na daftari nijifunze.

Lakini wivu bado uko, msidhani umeisha.

Walimu wenzangu, hii imewahi kuwapata ama ni mimi tu?