Kopo la Buluu la Mama

Mama alikuwa na kopo lake la bati, la buluu, lililobanduka rangi mdomoni. Hakuna mwingine aliyelinywea. Nilipokuwa mtoto nilitangaza mtaa mzima, hapa Butembo, kwamba kopo hilo limeipita umri barabara ya Beni, na kwamba hata gavana akija kututembelea atatafutiwa lingine. Mimi mwenyewe nikilisogelea, mama alinipiga mkono.

"Hapana hilo, papa. Kamata lako."

Siku ya sherehe ya diplome yangu ya masomo ya jioni, diplome niliyoipata nikiwa na mvi za kutosha kujaza mto wa kulalia, wageni walipewa glasi za kuazima kanisani. Mama alikunywa Fanta kwa kopo lake. Nikasimama nikasema, "Mnaona? Malkia hachangii kopo na raia." Watu walicheka mpaka mabenchi yakaomba msamaha. Mama alicheka pia, kisha akatazama ndani ya kopo.

Kuhusu kwao hatukujua mengi. Alisema alizaliwa upande wa Beni na ndugu zake waliisha. Hata hivyo kila mwaka alikwenda Beni kuuza vitunguu, akarudi na asali iliyofungwa kwa majani. Nilidhani ni ya sokoni.

Alikufa mwaka jana, wakati wa mvua. Tulimzika, na watu walikuwa bado wamekaa kwenye kilio pale mzee mmoja mfupi aliposhuka kwenye pikipiki, furushi la majani mkononi.

"Papa, asali leo hapana," nilimwambia. "Tuko na kilio."

"Sikuje kuuzisha. Ni ya dada yangu. Tulikuwa tunakutana Beni, namupatia. Mutu wa pikipiki ndiye aliniambia amekufa."

Nilitaka kumwambia amekosea nyumba. Ila alikuwa na paji la uso la mama, na nikiangalia vizuri, ni langu pia, hili paji ambalo nasema siku zote linaweza kuegeshwa pikipiki mbili. Nikamkalisha karibu yangu.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alileta chai. Sinia ilijaa vikombe. Aliviruka vyote kwa macho, akarudi jikoni, akatoka na kopo la buluu, akamjazia mzee. Hakufikiri hata kidogo. Mkono ulijua kazi.

"Tantine, mbona hilo?"

"Ni Mumbuti, mutu wa porini," alisema polepole, kama anayenieleza kwamba chai ni ya moto. "Hatunywaka nabo kopo moja."

Kisha akajisikia mwenyewe. Akakaa chini.

"Na mama?"

"Siku ile aliingia hapa kwa ndoa, mama yetu alimupatia hilo. Baba yako alisema batoto hapana kujua. Mama yako akakubali, juu musichekwe ku masomo."

Ndiyo sababu ya mkono wangu kupigwa. Mama hakuwa ananinyima kopo. Hakutaka mtu anione nimelinywea. Na mimi nikamwita malkia mbele ya watu wote, na shangazi akiwa pale, anacheka nao.

Mjomba alimaliza chai yake kama kawaida. Nadhani makopo ya namna hiyo ameyazoea. Nilimwomba anipatie lile kopo, nikajaza chai, nikaweka asali aliyoileta. Waliokuwa kwenye kilio wakanyamaza kabisa, na jamaa yetu ni watu wanaoongea hata wakipiga mswaki. Shangazi akageuzia macho barabarani.

"Kule Beni, mama alikuwa anasema nini juu yangu?"

"Alisema uko na diplome," mjomba alijibu. "Alisema unachekesha sana. Nikamwambia akulete nikuone. Akasema mwaka kesho."

"Alisema hivyo lini?"

"Kila mwaka."

Nikanywa. Midomo yangu ilikaa pale palipobanduka rangi, pale ya kwake ilipokuwa inakaa.