Mabawa Juu ya Ziwa

Jumamosi ile mimi na Luteni Elisante tulikuwa likizo, tunakula loshoro, mahindi na maziwa mgando, kwake, kwenye miteremko ya Meru. Nilimtania kwamba ni rubani wa ndege za kivita anayeogopa ng'ombe wa mkewe. Mkewe, Eliamani, akauliza kule juu tunatofautishwaje na adui, maana alisikia ndege zao na zetu zimetoka kiwanda kimoja. Elisante akanyoosha mikono, akaiyumbisha kushoto na kulia.

"Tukirudi tunatikisa mabawa. Wenzetu wa mizinga huko chini wakiona hivyo, wanajua hawa ni wetu."

Redio ikatangaza vita hata bakuli hatujamaliza.

Wiki chache baadaye tuliruka wawili, mimi mbele, yeye nyuma yangu upande wa kulia. Tulishambulia, tukageuza. Juu ya ziwa tukaingia kwenye wingu zito. Nilipotoka, sikumwona.

"Afande, nimekuona," akasema redioni. "Niko nyuma yako."

Nikageuka. Hapakuwa na ndege.

"Elisante, huyo siyo mimi. Tikisa mabawa!"

Mizinga yetu ya ufukweni ikaanza kulia.

Nikatikisa. Ikaniacha nipite.

Nyuma yangu moshi ulipanda mara mbili. Au ulikuwa mmoja, upepo ukaugawa. Mpaka leo nikifumba macho nauona hivi, kesho nauona vile, na nachanganyikiwa kabisa. Alimfuata adui akidhani ni mimi, hilo najua. Lakini je, adui aligeuka akampiga? Au wetu waliwapiga wote? Wa mizinga niliwauliza. Mmoja alisema aliona mabawa yakitikisika nyuma yangu, mwingine alikataa katakata. Ziwa halikurudisha kitu.

Nikapandishwa vyeo hadi brigedia jenerali, nikafundisha marubani, nikastaafu, nikajenga Kijenge. Kila mwaka napanda Meru kumsalimia Eliamani. Miaka yote nilimwambia adui ndiye aliyempiga mumewe, kwa kuwa taarifa ya jeshi ilisema hivyo. Mwaka huu aliniuliza tena, na safari hii nikamweleza yote, kama nilivyoeleza hapa.

Alikivuta kitenge kilichokuwa kimemteleza begani.

"Kwa hiyo hujui, shemeji."

"Sijui, mama. Naumia, lakini sijui."

"Mimi kanisani nilishawasamehe hao adui," akasema. "Ilinichukua miaka, nililia sana, lakini niliwasamehe. Sasa niambie, nilimsamehe nani?"