Firigisi ya baba mkwe

Nimejifungia jikoni na sijui nitatokaje.

Baba mkwe kaja leo kutoka Nyaishozi na jogoo wake. Daktari kamkataza mafuta, basi nikamchemsha jogoo kwanza, nikampaka mtindi na chenga za mkate, nikamtia kwenye oveni.

Akatoka mkavu, ngozi inalia mdomoni.

Najuaje? Nilionja kipande cha ngozi, kisha firigisi. Nusu mimi, nusu mume wangu.

Mzee kala paja, kasifu, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, sasa niletee firigisi yangu."

Huku kwetu firigisi ni ya mzee, jamani. Hata watoto wanajua.

Nikamwambia bado inaiva.

Mume wangu anatazama sahani yake kama hanijui.

Nyie mngefanyaje?

Maana mzee kajibu hana haraka, leo analala hapa.