Dawa ya Kukata

Watu wengine huitwa Pamba kwa sababu wanajua kuvaa. Shemeji yangu aliitwa Pamba kwa sababu aliivuta puani kutwa nzima. Kwa miaka ishirini na sita alifumua magodoro ya watu, akatoa pamba iliyogandamana, akaichapa kwa fimbo mbili mpaka ikavimba, kisha akaijaza upya. Mimi, mdogo wa mke wake, nilikaa chumba cha mbele na cherehani yangu, nikishona mifuko ya hayo magodoro. Yeye alikuwa chumba cha nyuma, chenye dirisha moja lisilofunguka. Ukimwita alitoka nyusi nyeupe, ndevu nyeupe, anacheka.

Niseme mapema kwamba vitambaa vya kuziba pua nilimshonea, tena si kimoja. Alivitumia kufutia jasho. Nilimgombeza nikachoka.

Kikohozi kilipoanza kumpinda mgongo, dada alimburuta hospitali. Wakapima makohozi, wakapiga picha ya kifua. Haikuwa kifua kikuu. Afadhali ingekuwa, maana hicho kina dawa yake na watu wanapona. Daktari alisema mapafu yamejaa makovu ya vumbi na hayatarudi kuwa mazima. Kilichobaki ni kumsaidia apumue. Akampa dawa ya maji yenye kazi mbili: kulainisha makohozi yaliyoganda, na kupanua njia za hewa ili yapate pa kutokea.

“Shemeji, hii dawa fundi mwenzangu,” Pamba akaniambia aliporudi. “Inafumua. Daktari kasema nitakohoa kwelikweli, nisiogope, ndiyo kazi yenyewe.”

“Basi usinikoholee kwenye vitambaa vya watu,” nikamjibu, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. Maelezo ya daktari niliyasikia hivyo, kwa sikio moja.

Dawa ilifanya kazi. Mikono ilimtetemeka kidogo na moyo ukamwenda mbio, lakini alipanda ngazi zetu tatu bila kusimama, jambo lililomshinda tangu mwaka uliopita. Ila kukohoa! Alikuwa na kopo lake la mfuniko, na siku nyingine alilimwaga mara mbili kabla ya mchana. Wateja walisimama mlangoni wameziba pua. Mama mmoja aliyekuja na godoro la mwanawe aliligeuza na kuondoka nalo, akisema atarudi. Pamba alimsikia. Akarudi chumba chake na kujaribu kukohoa polepole, kama kwamba inawezekana. Nilimwonea huruma. Na nisijisafishe: nilikuwa nimemchoka pia.

Chupa ilipokwisha dada alikuwa kazini, kwa hiyo nikaenda mimi duka la dawa. Chupa tupu sikuibeba.

“Kikohozi kikavu au cha makohozi?” muuzaji akaniuliza.

Nyuma yangu kulikuwa na foleni, na sikutaka kuanza habari za makopo mbele ya watu.

“Kikohozi tu. Nipe ya kukata.”

“Ya kukata kabisa?”

“Kabisa.”

Mteja akiniambia nikate nguo ambayo ingetosha kufumuliwa, humuuliza mara mbili kabla sijashika mkasi. Na yule muuzaji aliniuliza mara mbili.

Siku ya pili kikohozi kikakatika. Dada aliporudi kutoka kazini alisimama mlangoni anasikiliza, hasikii kitu. “Mdogo wangu, Mungu akubariki,” akaniambia. Nami nikavimba kichwa. Nikawatangazia majirani. Yule mama alilirudisha godoro lake, akaniachia mimi, kwa kuwa Pamba hakuwa na nguvu ya kulipokea.

Pamba peke yake hakufurahi. Alikaa juu ya robota la pamba, mikono magotini, mabega yanapanda na kushuka, kifua kinamlia kwa ndani.

“Shemeji, kimejaa humu,” akasema, akijigusa. “Hakitoki.”

“Umezoea kukohoa tu wewe. Pumzika.” Nikampimia kijiko kingine, akanywa, kwa sababu alikuwa mtu wa kuamini watu wake.

Siku ya nne midomo ilikuwa ya kijivu. Tulikodi gari. Daktari alikuwa yule yule, na dada alimtolea chupa kutoka mkobani kama anavyotoa mtu ushahidi wa kwamba mgonjwa anatunzwa. Daktari akaisoma, akaisoma tena. Akatueleza bila kupandisha sauti: hii inazima kikohozi, na kikohozi ndicho kilichokuwa kinamsafisha. Makohozi yamebaki ndani siku zote hizo, yameziba njia, na mapafu yale hayakuwa na akiba. Wangemwekea oksijeni, lakini tusijidanganye.

“Nani alibadilisha dawa?”

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua. Pamba wakati ule neno moja lilimgharimu pumzi nzima, na alikuwa hajasema lolote tangu asubuhi. Akainua kidole, akakielekeza kifuani mwake.

“Mimi.”

Dada alikuwa amesimama kati yetu, na alijua vizuri nani alikwenda dukani. Alinitazama mara moja tu, akainama kumfunga mumewe vifungo vya shati.

Pamba alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri. Neno jingine hakusema.

Mimi na dada bado tunaishi pamoja. Tunapika sufuria moja, tunafua beseni moja, na hajawahi kunitajia ile chupa. Ningependa anitukane, hata mbele za watu. Kila akifungua mdomo najiandaa, kumbe anauliza kama nimekula.